Tuachieni Kelele Zetu

Mwezi jana tulinyimwa chumba. Sitaji shirika wala jina la mtu. Wanajijua, na wengine wao ni watu wazuri ambao kesho nitawasalimia kama kawaida. Lakini neno walilolisema lazima nilijibu, tena kwa maandishi, kwa sababu kwenye mkutano nilishindwa. Nilikasirika, nikanyamaza, nikatoka nje. Neno lenyewe lilikuwa hili: "Hii kazi yenu haina ujumbe."

Kazi yenyewe ni nini? Ni sauti ya dakika 22. Ndani yake kuna kinanda, kuna ile kelele ya redio ukiiweka katikati ya stesheni mbili, na kuna sauti tulizorekodi kwa simu kule Tororo, Malaba na Mulanda. Hakuna anayeimba. Hakuna ngoma ya kuchezea. Wajuzi huuita muziki huu ambienti. Vijana wangu wanauita muziki wa kusubiri, na naona wao ndio waliopata jina.

Niseme kwanza kwa nini Tororo, maana wengi hapa Kiryandongo mliingilia milango mingine. Ndugu zetu wa Sudan Kusini mliingilia Elegu, wa Kongo wengi mliingilia Bunagana. Sisi Wakenya wa 2008 mlango wetu ulikuwa Malaba na Busia. Nilikuwa na miaka 7. Baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba za majirani zilianza kuchomwa, mama akambeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikashika leso yake, tukavuka. Tulilala kwanza kwenye shule ya msingi, kisha tukapelekwa kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, chini ya turubai. Baadaye malori yakatuleta huku.

Sura za watu wa Mulanda sizikumbuki. Nakumbuka mvua juu ya turubai, ambayo si kama mvua juu ya bati. Ya bati inapiga kelele halafu unaizoea. Ya turubai inapiga, inakaa kimya maji yakijikusanya kwenye tumbo la hema, halafu inamwagika yote kwa pamoja, na watoto wote wanashtuka. Ukiniuliza historia yangu vile fomu zinavyouliza, nitakupa tarehe. Ukitaka kujua kweli nilikuwa wapi, nitakusikilizisha turubai.

Sasa turudi kwa ujumbe.

Mimi si adui wa ujumbe. Nimeandika nyimbo za ujumbe mwenyewe, nimezihesabu ni sita: kunawa mikono, neti ya mbu, mimba za mapema, kipindupindu, korona, na ule wa kupanda miti ambao hata mimi siupendi. Ule wa kunawa mikono watoto wanauimba hadi leo kwenye foleni ya bomba. Sabuni yenyewe haijaonekana tangu mradi uishe, lakini wimbo upo, na wanauimba vizuri kabisa. Ule wa neti nadhani ulisaidia. Kwa hiyo sisemi tuache. Nasema hivi: miaka yote niliyofanya kazi na vijana nimeona fomu nyingi zinazouliza tunataka kuwaambia wenzetu nini, sijaona hata moja inayouliza sisi tunataka kusikia nini.

Kuna na sauti ya pili inayotakiwa kutoka kwetu, nayo ni ushuhuda. Mgeni anakuja na maikrofoni yenye manyoya, anakuketisha mahali penye mwanga mzuri, anakwambia eleza ulivyokimbia. Ukieleza mahali ulipocheka njiani, anangoja kwa adabu. Ukifika pale unapolia, ndipo anasogea karibu. Basi kinywa cha mkimbizi kina kazi mbili tu, kufundisha na kulia. Mtu akija na dakika 22 ambazo hazifundishi na hazilii, hakuna kisanduku cha kumtia kwenye ripoti.

Safari tulikwenda wanne: mimi, vijana wawili wa Kikenya na Kikongo, na binti mmoja wa Sudan Kusini ambaye ndiye mwenye sikio kuliko sisi wote. Nauli tulichanga. Basi la kutoka Bweyale hadi Kampala, kisha la Tororo, linalopita Jinja. Pale Jinja nikawaonyesha upande wa mto Nile na kuwaambia kwamba tangu 2015 kuna tamasha linaloitwa Nyege Nyege, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kusikiliza muziki wa kompyuta na kelele za kila aina, wanalipa kiingilio. Yule wa Kikongo akauliza, "Na ujumbe wao ni upi?" Tulicheka hadi Bugiri.

Tororo ni mji wa kusikiliza kama huujui. Kwanza kuna lile jabali, limesimama katikati kama jino. Tulipanda asubuhi. Ukiwa chini kila sauti ina mwenyewe: huyu anachomelea vyuma, yule anauza chapati, jogoo, spika ya kanisa, boda. Ukiwa juu zote zinakuwa sauti moja, na chini yake kuna mngurumo wa kiwanda cha saruji usiokoma, hadi unasahau kwamba unausikia. Huo mngurumo ndio tulioufanya sakafu ya kazi nzima. Umepunguzwa kasi, umeshushwa, unaanza dakika ya kwanza na unaisha mwisho.

Malaba kulikuwa na shida kidogo. Malori yalikuwa yamepanga foleni, injini zinanguruma, madereva wamelala chini ya matela. Tulisimama karibu na wabadilisha pesa, simu mkononi. Mmoja akauliza tunarekodi nini. Nikamwambia, "Sauti tu, kaka." Akasema yeye sauti yake hakuitoa, tuifute. Tukafuta mbele yake. Askari naye akaja, akasikiliza rekodi moja hadi mwisho, dakika tatu za injini, akaturudishia simu akitutazama kama wagonjwa. Tulivuka kwa boda hadi karibu na daraja. Kwa wasiojua, hilo neno boda boda lilizaliwa mpaka huuhuu. Ni waendesha baiskeli wa Busia waliokuwa wakiwaita abiria wa kuvuka kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, "boda! boda!", na makelele yao yakawa jina la kazi, leo linasemwa hadi nchi ambazo hazijawahi kusikia Busia. Kelele ya barabarani imeingia kwenye kamusi na hakuna aliyeiuliza ina ujumbe gani.

Jioni tulikaa kwenye kivuko cha reli Tororo mjini. Treni ya mizigo ikatoka upande wa Malaba, ikapiga honi. Honi ile ilitoa sauti mbili kwa pamoja. Tuliporudi nyumbani tukaitafuta kwenye kinanda, ile ya juu hatukuipata, iko kati ya kibonyezo kimoja na jirani yake. Nilitaka kuacha. Yule binti akabonyeza vyote viwili, taratibu, juu ya honi, na sauti zikaanza kugombana, zikatoa kitu kama pumzi: wuu, wuu, wuu. Ni fizikia ya kawaida, sauti mbili zilizokaribiana sana zikilia pamoja hutoa mawimbi ya kupanda na kushuka. Lakini hakuna aliyemfundisha. Alisikia. Darasani huyu binti anaitwa mzito.

Kinanda chetu ni cha zamani, tulipewa na kanisa, vibonyezo vinne vimekufa. Kuna mtu aliandika kwenye maoni ya mradi kwamba tungojee kifaa kizuri. Japani kulikuwa na mwanamuziki mkubwa, Ryuichi Sakamoto. Baada ya tsunami ya 2011 alikwenda kutazama piano iliyokuwa imezama majini, nyuzi zimelegea, nyingine zimekufa. Hakuitengeneza. Aliipiga hivyo hivyo na akaitia kwenye albamu yake ya 2017, async. Piano iliyozama ilikuwa na jambo ambalo piano mpya haina. Chetu hakijazama, kimepigwa na vumbi na nzi wameingia, lakini mantiki ni ileile. Pale vibonyezo vinapokufa tumeacha kimya, na kimya hicho kina urefu wake, tumekipima.

Mulanda tulifika siku ya tatu. Nilimpigia mama simu anielekeze, akawa anasema pita mwembe, si mwembe ule, mwingine. Mahali aliponiambia hema letu lilikuwa palikuwa na muhogo. Mzee mmoja alikuwa akilima. Tukamwamkia, tukamweleza, akasema, "Ninyi ndio wale watoto?" halafu akaendelea na jembe. Tulimwomba ruhusa, tukarekodi dakika nne: upepo, jembe, na mahali pasipo kitu. Vijana wangu wanapenda sehemu hiyo kuliko zote. Mimi siwezi kuisikiliza nikiwa na watu.

Sasa niwajibu wazee wetu, maana si mashirika peke yake yaliyotupinga. Mwenyekiti wa klasta alisema haya ni mambo ya wazungu. Kwa heshima zote mzee wangu, hapana. Mwaka 1944, jijini Cairo, kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine iliyorekodi sauti kwenye waya, akaipeleka kwenye sherehe ya zar, ile ya wanawake ya kutoa pepo, halafu akazichezea zile sauti kwa mwangwi, akaondoa hiki na kubakiza kile hadi waimbaji wakawa kama ukungu. Ilikuwa miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa kutoa kazi yake ya sauti za garimoshi, ambayo vitabu vingi vinasema ndiyo mwanzo. Inasemekana El-Dabh aliingia kwenye sherehe ile kwa kujificha, na hilo nisingewaruhusu vijana wangu. Lakini Mwafrika alitangulia.

Na wa karibu zaidi. Wakikuyu wote wa rika la mama yangu wanamjua Joseph Kamaru, aliyeimba mapenzi na siasa, aliyefariki 2018. Ana mjukuu, jina lake ni hilohilo Joseph Kamaru, ila kwenye muziki anajiita KMRU. Amekulia Nairobi. Mjukuu haimbi kama babu. Anarekodi mitaa, ndege, vyumba, hata miungurumo ya umeme ambayo sikio tupu halisikii, anaitandaza polepole kama mtu anayekunjua mkeka. Albamu yake ya Peel ilitoka 2020, na leo anaalikwa dunia nzima. Nilimwekea mama. Aliposikia jina la Kamaru aliacha kuchambua maharagwe, akakaa vizuri. Muziki ulipoanza akaniuliza, "Hiyo simu imeharibika?" Nikamwambia subiri. Alisubiri. Baadaye akasema ni kama kulala kwenye basi usiku ukijua mtu mwingine anaendesha. Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo ya muziki huu.

Lile neno kusubiri nalo lina historia yake. Albamu iliyoupa muziki huu jina la ambienti ilitoka 1978, ya Mwingereza Brian Eno, piano polepole inayojirudia, na aliitengeneza kwa ajili ya viwanja vya ndege. Yaani mtu aliona watu wanaosubiri ndege saa tatu, akawahurumia, akawatengenezea muziki. Hebu niambieni, nani aliwahi kututengenezea sisi? Kuna watu hapa wanasubiri jibu la kuhamishiwa nchi ya tatu mwaka wa nane sasa. Tunapewa ngoma za kuamka na kuhamasika. Mtu anayesubiri miaka minane hahitaji kuhamasishwa, amehamasika mno. Anahitaji kitu kinachoweza kukaa naye.

Hapa lazima niseme lililotokea tulipoicheza mara ya kwanza, kabla ya kunyimwa chumba, maana waliokuwepo watasema nimeficha. Shosho mmoja wa klasta yetu, aliyevuka Malaba siku zilezile tulizovuka sisi, alikaa mbele kabisa. Dakika ya tisa malori yanaingia: injini, mnyororo wa nyuma unafunguliwa, watu wanaitana. Shosho alisimama, akatoka, fimbo ikagonga kiti. Nilimfuata. Alikuwa ameshika ukuta. Hakulia. Alisema, "Mngeniambia."

Alikuwa na haki. Yule afisa aliyesema sauti zinaweza kuamsha majeraha, kwa hilo alikuwa na haki pia, na naliandika hapa ingawa linanipunguzia nguvu. Lakini dawa yake si kufunga chumba. Dawa ni ile aliyoisema Shosho mwenyewe: kuambiwa. Sasa tunatangaza kabla ya kuanza, dakika hii kuna kitu hiki, mwenye kutaka kutoka atoke, mlango uko wazi. Na siku ya pili Shosho alinituma mtoto niende kwake. Nilidhani atanikemea. Aliniambia kazi yetu ina kosa: Mulanda asubuhi kulikuwa na wale ndege wenye mdomo mrefu wanaolia kama mtu anayekemewa, haa-haa-haa, nao hatukuwaweka. "Mlichukua magari mkaacha ndege." Ni kwararaa, tulikuwa nao kwenye simu, tuliwatoa tukiona wanachekesha. Tumewarudisha.

Jambo la mwisho ni la kadi ya memori. Baada ya kutunyima chumba, walisema wanaweza kufikiria upya iwapo rekodi zetu zote zitakabidhiwa kwa ofisi, zitumike kwenye kampeni. Hapo ndipo nilipotoka nje. Historia ya sauti za Uganda mnaijua? Mwaka 1937 alifika nchi hii Klaus Wachsmann, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyekuwa amefungiwa milango kwao na utawala wa Hitler. Kwa lugha yetu hapa, alikuwa mwenzetu. Alikuja kuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda, na tangu 1949 alizunguka na mashine akirekodi wapiga ngoma, zeze na vinanda vya kila kabila. Kazi kubwa, namheshimu. Lakini rekodi zile zilihifadhiwa London, na nakala zilikuja kurudi Makerere baada ya miaka mingi sana, waliorekodiwa wengi wakiwa wameshazikwa. Ndugu zangu wa Kongo, zenu ziko Tervuren, Ubelgiji, kwenye jumba la makumbusho. KMRU aliingia kwenye hifadhi ile, akasikiliza, akatengeneza kazi inayoitwa Temporary Stored, ikatoka 2022. Ilimbidi aisikilize Afrika kutoka hifadhi ya Ulaya. Na sisi tuikabidhi ya kwetu kwa hiari, mwaka huu, kwa sababu ya chumba chenye taa moja?

Yule mbadilisha pesa wa Malaba alitufundisha sheria yote kwa sentensi moja. Sauti yake hakuitoa, tuifute. Tuliifuta. Mgeni mwenye maikrofoni ya manyoya akiambiwa hivyo hapa, atafuta?

Tunachotaka ni hiki. Chumba Alhamisi jioni, saa mbili tu za umeme wa sola, ambazo nyimbo za ujumbe hazizitumii siku hiyo, nimeangalia ratiba. Kadi ibaki kwetu. Atakayetaka nakala aje kuomba, tutaongea naye kama watu, na tutawauliza waliomo ndani. Ule wimbo wa saba wa ujumbe mnaoutaka, wa usafi wa vyoo, nitauandika, nimeshaanza, lakini usiwe sharti la haya mengine. Na yule binti aandikiwe cheti kinachosema anajua kurekodi na kuhariri sauti, kwa sababu anajua, na cheti cha ushonaji mlichompa hakutumii.

Kwa sasa tunachezea nje, nyuma ya duka la kuchajia simu, Ijumaa hii baada ya swala ya magharibi. Njoo na kiti chako. Malori yanaingia dakika ya tisa na yanatoka dakika ya kumi na mbili, kwararaa ni dakika ya kumi na nne. Mvua ikinyesha hatuahirishi, kuna turubai.